Nani Mwaminifu kwa Sokwe wa Lwiro?

Hoja mmeshaisikia, wasomaji, na wengi wenu mmeisikia Bukavu, kwa vijana wenye simu zilizojaa picha za sokwe wa kuchorwa. Inasema kwamba majukwaa ya makusanyo ya kidijitali, yale yanayouza picha zilizosajiliwa kwa jina la NFT, yamevumbua njia ya haki ya kuwatuza wanajamii waaminifu. Mtu hununua picha, huishikilia, hubaki na wenzake wakati wa neema na wakati wa dhiki, na jukwaa humlipa kwa tokeni, kwa nafasi ya kununua kabla ya wengine, kwa mgao wa bure. Kisha hoja inasogezwa mbele kidogo: picha nyingi za namna hiyo ni za sokwe na gorila, na sokwe na gorila wenye damu wako kwetu. Basi mfumo huo uletwe katika hifadhi ya Kahuzi-Biega na Lwiro, nao wanyama wetu watapata walezi waaminifu dunia nzima.

Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu inagusa fedha na inagusa viumbe hai. Nawaomba mketi kama waamuzi, tuipime dai kwa dai, na Lwiro iwe mizani yetu. Kijiji hiki cha Kabare, kaskazini ya Bukavu, kimekuwa na makusanyo tangu zamani za Wabelgiji. Taasisi ya IRSAC iliundwa mwaka 1947 na kujenga makao yake hapa: maabara, maktaba, vyumba vya nyoka, samaki, ndege na mimea iliyokaushwa. Leo taasisi hiyo inaitwa CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Mwaka 2002, CRSN na ICCN, mamlaka ya hifadhi za taifa, zilianzisha hapohapo kituo cha kuwatunza sokwe na nyani yatima. Sokwe peke yao wamepita 100. Ukitaka kujua uaminifu kwa mnyama ni kitu gani, hapa ndipo pa kuuliza.

Dai linalobeba mengine yote ni kwamba mgao huwafikia wale waliokaa. Walisemalo ni hili: mradi huchagua saa fulani, husoma daftari la umma la blokucheni, huorodhesha pochi zote za kidijitali zenye picha saa hiyo, kisha hugawa tokeni. Daftari halina mjomba wala mkwe, halipokei rushwa, kila mtu anaweza kulikagua. Kwa nchi ambayo orodha za misaada huandikwa na kufutwa usiku, sifa hiyo si ndogo, na siidharau. Lakini daftari linajua jambo moja tu, nalo ni kitu kilikuwa kwenye pochi ipi saa ngapi. Tarehe 17 Machi 2022 tokeni ya ApeCoin ilipotolewa, kila picha ya mkusanyo wa Bored Ape Yacht Club ilistahili tokeni 10,094. Aliyeshika picha yake tangu mwanzo na aliyeinunua siku iliyotangulia walipata sawa. Zaidi ya hapo, kulikuwa na hazina iitwayo NFTX yenye picha tano ambazo mgao wake haujachukuliwa. Mtu mmoja mwenye picha moja alichukua mkopo wa papo kwa papo, akazitoa zile tano, akadai mgao wa picha sita, yaani tokeni 60,564, akazirudisha picha, akalipa mkopo. Yote hayo yalifanyika ndani ya muamala mmoja. Hakuvunja kanuni yoyote, maana kanuni haikuuliza umekaa muda gani. Iliuliza kama unacho sasa hivi, naye kwa sekunde hizo alikuwa nacho.

Watetezi hujibu kwamba huo ulikuwa upungufu wa kiufundi, na kwamba miradi makini hupima muda. Sawa, tuuchukue mradi uliopima muda, tena uliochora gorila: CyberKongz, ulioanza Machi 2021. Wamiliki wa gorila 1,000 wa kizazi cha kwanza waliahidiwa tokeni iitwayo BANANA, 10 kwa siku kwa kila picha, kwa miaka 10. Huu ndio mfano safi kuliko yote wa kumtuza anayekaa, na kwa sababu hiyo unafaa kuangaliwa kwa karibu. Kwanza, mgao ulifungwa kwenye picha, haukumfuata mtu. Picha ilipouzwa, mnunuzi aliondoka na haki ya BANANA zote zilizofuata, na aliyekuwa amekaa nayo muda mrefu hakupata tena kitu. Uaminifu unaoweza kuuzwa pamoja na bidhaa ni sehemu ya bei ya bidhaa. Pili, muda uliopimwa ulikuwa wa kutofanya lolote. Mmiliki aliweza kusahau nywila yake mwaka mzima, hesabu ikaendelea kupanda. Tatu, bei ya BANANA ilifika makumi ya dola mwaka 2021, kisha ikaporomoka hadi chini ya dola moja, kwa hiyo hata yule aliyekaa kwa moyo wote alilipwa kidogo zaidi kadiri alivyozidi kukaa. Mfumo uliokusudiwa kumtuza mvumilivu ulimlipa vizuri zaidi aliyeuza mapema.

Hapa lazima nisimame, maana jina la tokeni hiyo, yaani ndizi, linatuhusu. Sokwe wa Lwiro hula ndizi za kweli, na viazi vitamu, mahindi, mboga na matunda, kila siku ya mwaka, vita viwepo au visiwepo. Chakula hicho hulimwa na watu wa vijiji vya jirani, hubebwa, huoshwa, hukatwa, hugawiwa kwa mikono. Katika CyberKongz, mtoto wa gorila alipatikana kwa kuunganisha picha mbili za kizazi cha kwanza na kulipa BANANA 600. Mtoto wa sokwe anayefikishwa Lwiro amepatikana kwa njia nyingine: mama yake ameuawa, mara nyingi pamoja na wakubwa wengine wa kundi waliojaribu kumtetea, nyama ikauzwa, mtoto akafungwa kamba ili auzwe kama mnyama wa kufuga. Hufika na vidonda vya kamba, na hofu, na njaa. Kwa miezi anahitaji mwanadamu wa kumbeba, kwa sababu sokwe mchanga hutakiwa kushikwa mwilini mchana na usiku. Na kituo cha aina hii hakitafuti kuongeza watoto. Kwa kawaida vituo vya PASA, muungano wa vituo vya kuwatunza sokwe na nyani yatima Afrika, huzuia wanyama wao kuzaliana, maana nafasi ni chache na yatima hawaishi kuja. Anayetuambia kwamba mmiliki wa picha na mlezi wa Lwiro ni wanajamii wa namna moja, na wastahili kupimwa kwa kipimo kimoja, atueleze ni kazi ipi ya mlezi inayoonekana katika daftari lake.

Dai linalofuata limejengeka vizuri zaidi. Linasema: hata kama uaminifu wa leo haupimwi barabara, zawadi huuzalisha uaminifu wa kesho. Mtu akituzwa atarudi, akirudi atazoea, akizoea atapenda. Dai hili linaweza kupimwa kwa matukio, kwa sababu majukwaa mawili makubwa yamelijaribu hadharani. LooksRare ilifunguliwa Januari 2022 na kuwagawia tokeni watu waliokuwa wamefanya biashara ya angalau sarafu 3 za ETH kwa mshindani wake OpenSea kati ya Juni na Desemba 2021. Kisha ikawatuza kila siku kulingana na wingi wa biashara yao. Kilichofuata ni watu kujiuzia wenyewe: pochi moja ya mtu inauza, nyingine ya mtu yuleyule inanunua, bei inapandishwa hadi mbinguni, na tuzo inakusanywa. Kampuni ya takwimu ya CryptoSlam ilihesabu biashara ya namna hiyo ya zaidi ya dola bilioni 8 katika majuma ya kwanza tu. Tuzo ya uaminifu ilizalisha watu wanaofanya biashara na vivuli vyao.

Blur ilikwenda mbali zaidi, ikaliweka neno lenyewe kwenye kioo cha mtumiaji. Ilimpa kila mfanyabiashara alama ya uaminifu kwa asilimia. Ukiziweka picha zako sokoni kwa Blur peke yake, uaminifu wako ulikuwa 100. Ukiziweka pia kwa mshindani kwa bei nafuu zaidi, ulishuka, na nafasi yako ya kupata vifurushi vikubwa vya zawadi ikashuka nayo. Itazameni kanuni hiyo kwa macho ya hakimu. Mtu anayetunza kazi ya msanii kwa miaka, asitake kuiuza kamwe, hakuwa na alama yoyote, kwa sababu hakuiweka sokoni. Mtu anayetaka kuiuza leo hii, ila kwa duka moja tu, ndiye aliyekuwa mwaminifu kamili. Mgao wa kwanza ulitolewa tarehe 14 Februari 2023, na mwezi huohuo mkusanyaji mmoja mashuhuri aliuza zaidi ya NFT 1,000 ndani ya saa 48. Jamii alizokuwa mwanachama wake ziliona bei zao zikianguka mikononi mwa mtu ambaye kwa kipimo cha jukwaa alikuwa miongoni mwa waaminifu wakubwa. Huo ni mkanganyiko wa ndani ya hoja yenyewe: wanasema zawadi hujenga jamii ya picha, lakini kinachotuzwa ni utii kwa duka, na duka hustawi picha zinapobadilisha mikono, huku jamii ikistawi zinapobaki. Vitu hivyo viwili haviwezi kutuzwa kwa kanuni moja.

Tunaambiwa pia kwamba mgao ni wa bure, hauchukui kwa mtu yeyote. Tokeni mpya zinatengenezwa, zinagawiwa, kila mmoja anafurahi. Swali langu ni la mhasibu wa soko la Kadutu: aliyepokea akienda kuuza, anayenunua ni nani? Ni mtu aliyekuja baadaye. Faida ya wa kwanza inatoka mfukoni mwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayebaki na kitu kisicho na mnunuzi. Septemba 2023 ripoti ya dappGambl ilichunguza makusanyo 73,257 ya NFT na kukuta 69,795 kati yake hayana thamani yoyote sokoni. Nyuma ya kila mkusanyo wa hayo kuna watu walioambiwa wakae, na waliokaa ndio walioumia. Neno bure halistahili kutumika hapa.

Na kuna mlipaji mwingine, anayeniuma zaidi, naye ni mtengenezaji wa kazi. Kumbukeni ahadi ya kwanza kabisa ya teknolojia hii: kila kazi ikiuzwa tena, msanii atapata mrabaha, asilimia tano au kumi, milele, bila kuomba. Kwa mchoraji wa Bukavu anayeuza turubai mara moja na kamwe asione tena hata faranga, hiyo ilikuwa habari njema ya kweli. Lakini majukwaa yaliposhindana kuwavuta wafanyabiashara kwa tuzo, mrabaha ndio uliotolewa kafara. Blur ililazimisha asilimia 0.5 tu. Februari 2023 OpenSea nayo ikalegeza, na Agosti mwaka huo ikatangaza kwamba haitalazimisha tena mrabaha kwa makusanyo mapya. Mfanyabiashara akapunguziwa gharama na kuongezewa zawadi, msanii akaachiwa hiari ya mnunuzi. Basi wanaotetea tuzo za wanajamii wachague moja: ama mwanajamii wa kwanza ni yule aliyekitengeneza kitu, na majukwaa yamemnyang'anya, ama si mwanajamii, na hapo watuambie jamii hiyo imejengwa juu ya nini.

Lipo dai la mlango wazi. Teknolojia haina mpaka, wanasema, na kijana wa Lwiro ana nafasi sawa na kijana wa California. Siku ApeCoin inagawiwa, picha ya bei ya chini kabisa ya Bored Ape ilikuwa zaidi ya dola 200,000. Mgao uliokwenda kwa wenye picha hizo ulikwenda kwa watu ambao tayari walikuwa na dola 200,000 za kuweka kwenye picha. Kila mfumo unaogawa kulingana na unachomiliki humwongezea aliyenacho, na daftari kuwa wazi hakubadilishi hilo. Kwa upande wetu, karibu mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme katika Kongo nzima, na vijijini ni wachache mno. Februari 2025 vita vilifika Kavumu, kwenye uwanja wa ndege ulio jirani na Lwiro, na siku mbili baadaye Bukavu ikatekwa. Benki zikafunga milango. Watu wakabaki na M-Pesa, Airtel Money na noti zilizochakaa, wakikatwa asilimia ili kutoa fedha yao wenyewe. Mtetezi mwerevu atasema hapo ndipo kripto inapofaa, pasipo na benki. Kwa kutuma fedha, huenda; hilo ni jambo jingine na nitalijadili kwa heshima na yeyote. Lakini mjadala wetu ni wa tuzo za makusanyo, na tuzo hizo hudai ununue kwanza, ukae mtandaoni mfululizo, uwahi saa ya kufunguliwa, ulipe ada ya muamala. Aprili 2022 viwanja vya kidijitali vya Otherside, vya waundaji wa Bored Ape, vilipouzwa, ada za mtandao peke yake zilipita dola milioni 150 kwa saa chache, na wapo waliolipa ada na kuambulia patupu. Mlango wa namna hiyo uko wazi kwa mwenye kuwahi na mwenye kulipa.

Kuhusu dai kwamba picha hizi hueneza ufahamu juu ya sokwe, nitakuwa mfupi. Mwaka 2011 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoona picha ya sokwe amesimama karibu na mwanadamu huelekea zaidi kuamini kwamba sokwe wa porini hawako hatarini, na huvutiwa zaidi na wazo la kumfuga. Utafiti huo ulihusu picha za kupigwa, haukuhusu michoro yenye kofia na sigara, na sitaunyoosha zaidi ya ulipofika. Lakini mwenye kudai kwamba picha huleta ufahamu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na ushahidi tulio nao unaelekea upande wa pili. Kwa watu wa Lwiro hofu hiyo ina sura: kila anayevutiwa na wazo la kufuga sokwe ni mteja wa yule mwenye kamba na bunduki.

Sasa nije kwenye hoja yao yenye nguvu kuliko zote, ambayo wapinzani wengi huikwepa. Wanasema: yapo makusanyo ya kidijitali yaliyoleta manufaa Kongo, kwa hiyo ubaya haumo katika chombo. Nakubali sehemu ya kwanza bila masharti. Mfano bora hauko Kivu, uko Lusanga, mkoa wa Kwilu, ambayo zamani iliitwa Leverville, kwenye mashamba ya michikichi ya kampuni iliyokuja kuwa Unilever. Mwaka 1931 Wapende waliasi dhidi ya kazi za lazima, na afisa wa Kibelgiji Maximilien Balot akauawa. Fundi wa Kipende alichonga sanamu yake ili kuidhibiti roho yake. Sanamu hiyo imeishia Marekani, katika jumba la makumbusho la sanaa la Virginia huko Richmond. Mwaka 2022 chama cha wasanii wakulima wa Lusanga, CATPC, pamoja na Mholanzi Renzo Martens, walitengeneza NFT zaidi ya 300 kutokana na picha za sanamu hiyo, ili fedha zikomboe ardhi iliyochoshwa na mashamba ya kikoloni. Jumba la makumbusho lililalamika kwamba picha zake zimetumiwa isivyofaa. Miaka miwili baadaye sanamu yenyewe ilisafiri kwa mkopo hadi Lusanga, wakati chama hicho kikionyesha kazi zake katika maonyesho ya Venice ya 2024.

Mimi naiheshimu kazi ile, na ninaitaja kwa sababu inathibitisha kinyume cha kile inachoitwa kuthibitisha. Katika mradi huo wa sanamu ya Balot, nani alituzwa? Mnunuzi wa NFT hakuahidiwa ndizi kumi kwa siku. Hakupewa alama ya uaminifu. Alilipa, na fedha ikaelekezwa kwenye hekta za watu wa Lusanga, ambao walikuwa wamejipanga katika chama tangu 2014, wenye uongozi wao na ardhi inayoonekana kwa macho. Mpango ulikwenda kwa wale walionyang'anywa, ambao ndio wanaoishi na kitu chenyewe. Ukiondoa neno NFT, unabaki na chama cha wakulima wanaouza sanaa ili wanunue shamba. Ukiondoa tuzo za wamiliki kutoka kwa Bored Ape au CyberKongz, hujui kinachobaki ni nini. Miradi hii miwili imewekwa kapu moja kwa sababu tu inatumia daftari la aina moja.

Hapa ndipo neno jamii linapodai maelezo. Wanalitumia kana kwamba kila kundi la wenye pochi ni jamii. Wanawake wa Katana, jirani na Lwiro, wanaocheza likelemba wanajuana kwa sura na kwa deni. Kila juma kila mmoja anatoa, zamu kwa zamu mmoja anapokea chungu chote, na anayepokea mapema anaaminiwa kwa sababu wenzake wanajua nyumba yake, mume wake, shamba lake, na aliwahi kufanya nini mwenzao alipofiwa. Huwezi kuingia kwa sekunde chache, ukachukua chungu, ukatoka. Huwezi kuiuza zamu yako kwa mgeni asiyejulikana. Hayo mawili, yanayofanya likelemba iwe jamii, ndiyo hasa ambayo mfumo wa tokeni umeyafungulia mlango na kujivunia.

Tena wanasema, kwa kulalamika, kwamba sisi tunapinga tu na hatuna pendekezo. Tunalo, na si geni. Kituo cha Lwiro, kama vituo vingine vya wanyama yatima, hupokea walezi wa mbali: mtu huchangia kwa jina la sokwe fulani, naye hupata cheti na habari za mnyama huyo. Cheti hicho hakiuzwi tena. Hakipandi bei. Hakizai cheti kingine. Anayekitunza miaka 10 hana faida hata senti, isipokuwa kujua kwamba sokwe yule amekula. Nawauliza ninyi mnaoamua: kati ya mtu huyo na mwenye alama 100 za Blur, ni yupi aliyethibitisha uaminifu? Zawadi ikiondolewa kabisa, mmoja anabaki. Mwingine ameshaonyesha, mbele ya daftari lililo wazi kwa wote, kwamba haondoki kabla ya mgao wala hachelewi kuondoka baada yake.

Na muda tunaouzungumzia ni mrefu kuliko watetezi wanavyofikiri. Starbucks ilianzisha Odyssey, mpango wa kuwatuza wateja waaminifu kwa mihuri ya kidijitali, Desemba 2022. Ikaufunga tarehe 31 Machi 2024. Kampuni yenye utajiri wote huo haikufikisha miezi 16. Sokwe anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mtoto aliyefikishwa Lwiro mwaka huu atahitaji ndizi, dawa, uzio na mwanadamu wa kumwangalia baada ya mwaka 2070. Makusanyo ya zamani ya IRSAC, yale ya nyoka, ndege na vitabu, yamepita uhuru, yamepita Mobutu, yamepita vita vya 1996 na 1998, kwa sababu kulikuwa na watu wa Lwiro waliokuja kazini hata serikali ilipokuwa haiwakumbuki. Hawakuhesabiwa na daftari lolote la kimataifa.

Kwa hiyo, yeyote anayetaka kuuza picha za sokwe wa Lwiro kwa njia ya kidijitali asikatazwe mlangoni. Aje na masharti yaandikwe. Fedha ya mauzo ya kwanza ilipe chakula na mishahara, na hesabu isomwe hadharani kwa Kiswahili na kwa Mashi, mbele ya wanaolima chakula hicho. Mrabaha wa mauzo yote yanayofuata uwe wa lazima, si wa hiari ya mnunuzi, na uende kwa kituo na kwa vijiji vinavyokizunguka. Batwa, waliofukuzwa msituni hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoundwa, na ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imeamua kwamba nchi yetu ilizivunja haki zao, wawe na kura katika matumizi ya picha za msitu ule. Picha ya sokwe mchanga akiwa mikononi mwa mwanadamu isiuzwe kamwe, kwa sababu niliyokwisha kuitoa. Na mmiliki wa picha asipewe tokeni, wala alama, wala nafasi ya mbele kwa sababu ya kuishikilia. Mnunuzi akikataa kununua kwa masharti haya, tutakuwa tumejua alichokuwa anakinunua.